Kumtembeza Shangazi Tausi

Mwezi uliopita mjukuu wangu alikuja na daftari kuniuliza wageni wa harusi wapelekwe wapi. Watashuka Bangboka, uwanja wa ndege wa hapa Kisangani, wengine kutoka Kinshasa, wengine Bukavu, na kati ya kushuka kwao na harusi yenyewe kuna siku tatu tupu. Watu wazima waliovaa vizuri huwezi kuwaacha siku tatu wakitazamana. Alishaanza orodha mwenyewe: maporomoko na mitego ya wavuvi Wagenia, kanisa kuu, daraja la Tshopo, soko kuu, bandari ya Makiso jua likishuka ili wapige picha. Vijana watabebwa na pikipiki, wazee wasiopenda haraka watapanda toleka, baiskeli zetu za abiria. "Koko, ongeza," aliniambia, akiniita vile wote wa hapa wanavyowaita bibi zao. Nilihesabu alichoandika nikapata sehemu sita. Nikahesabu tena nikapata tano, maana kanisa lilikuwa limeandikwa mara mbili, mara kwa Kifaransa, mara kwa Kiswahili. Nilimwambia orodha ni nzuri, na sikudanganya sana. Ilikuwa karibu sawa na ile niliyoitunga mimi nilipokuwa na miaka kumi na tisa, ile iliyomfanya kaka yangu Feruzi asimeze chakula. Mtoto akaenda zake na daftari. Mimi nikabaki barazani na mwaka ule wote.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tano, au hamsini na sita. Nikihesabu kwa umri wangu napata mmoja, nikihesabu kwa mvua iliyoangusha jiko letu napata mwingine. Kwenye ramani mji ulikuwa na jina la Mzungu, lakini nyumbani kwetu jina hilo lilitumika tu juu ya bahasha. Tulikaa upande ambao leo ni Mangobo, nyumba za udongo zilizopakwa chokaa, na mimi nilikuwa nauza sabuni na nyuzi mlango kwa mlango, beseni kichwani. Mwaka ule nilidhani ninaujua mji kuliko polisi. Nilijua nyumba gani wanafua Jumatatu, mama gani anabishana kwa furaha na mama gani anabishana kwa hasira. Nilikuwa na desturi moja ya kazi ambayo niliiona ni akili tupu: njia niliyopita asubuhi sikuirudia jioni, kwa sababu mlango uliokukataa mara moja utakukataa tena, na mara ya pili mbwa wao amekujua. Shika desturi hiyo. Ndiyo iliyonitia aibu.

Feruzi alikuwa fundi wa magari katika kampuni moja ya mizigo. Alikwenda likizo Kasongo, akarudi amechumbia msichana aitwaye Kibibi ambaye alikuwa amemwona mara mbili, na mara ya pili alikuwa amegeuka. Barua zilikwenda na kurudi, mahari ikamalizika, ikabaki jambo moja: watu wa Kibibi wangemleta wao wenyewe, na kumkabidhi wao wenyewe. Wakaja wanawake saba na bibi harusi wa nane. Walisafiri mtoni, wakashika treni ya kutoka Ponthierville, wakafika ng'ambo, wakavuka na kivuko mvua ikinyesha kama imetumwa. Nilikwenda kuwapokea gatini. Nilihesabu saba badala ya nane. Nikahesabu tena, saba. Wa nane alikuwa Bi Sakina, mama mnene mwenye sauti ya kuchekesha, aliyebaki kwenye kivuko akimtazama fundi akitia mafuta kwenye injini. "Niache kidogo, mwanangu," alisema, "sijamaliza kushangaa." Feruzi alikuwa ameazima lori la kazini, na kwa sababu ya mvua tukawaweka wote nyuma chini ya turubai, likafungwa pande zote. Tulijiona tumewatendea heshima kubwa. Wakafika kwetu wakavu, hawakuwa wameona hata ukuta mmoja wa njiani.

Walilala kwa Mama Mwajuma, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwani mtu hakabidhiwi mke akiwa tayari amelala kwake. Vilikuwa vyumba viwili na ukumbi. Katika chumba cha ndani, nyuma ya pazia la kitambaa chenye maua mekundu, alikaa Kibibi. Mwali wa harusi haonekani na hatoki. Alisuguliwa, alipakwa mafuta, aliletewa chakula. Nilichojua juu yake siku ya kwanza kilikuwa mkono mmoja uliotoka chini ya pazia kuchukua bakuli na sauti iliyouliza, "Nje kuna kelele gani ile?" Ilikuwa ni kelele ya kiwanda cha mbao. Nikamwambia. "Inalia mpaka saa ngapi?" Nikamwambia. "Na mbao zinakwenda wapi?" Hapo nikasema sijui, na nilikasirika kidogo, kwa sababu nilikuwa nimepita mbele ya kiwanda kile mara elfu na sikuwahi kujiuliza.

Mama alipika lituma, ndizi za kupikwa na kutwangwa mpaka ziwe donge moja laini, na samaki wa moshi kwenye mchuzi wa mawese. Kasongo ni watu wa wali. Bi Sakina aligeuza donge lile kwa kidole. "Hii ndizi," aliuliza, "mmeipiga hivi kwa kosa gani?" Mama alicheka mpaka akakaa chini. Aliyekuwa hacheki ni shangazi wa bibi harusi, Shangazi Tausi, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mwavuli mweusi ambao sikuwahi kuuona umefunguliwa. Kiswahili chake kilikuwa cha Kasongo, safi, kila neno limekaa mahali pake, na chetu cha mjini, kilichochanganyika na Lingala na Kifaransa, kilimuuma sikioni. "Mnasema 'iko' kwa kila kitu," aliniambia. "Mtu iko, samaki iko, harusi iko. Kuna kisichokuwa 'iko' kwenu?" Nikasema, "Hapana, Shangazi, yote iko."

 Asubuhi baada ya mvua ile Feruzi alinivuta nyuma ya jiko.

"Bon, Mwavita. Uko na siku tatu. Waonyeshe mambo mikubwa-mikubwa. Yule shangazi akirudi Kasongo, aseme Kibibi iko kwa muji ya maana."

"Na kama hakupenda?"

"Écoute, usilete hapa mudomo ya soko. Baba ya Kibibi amemupa yeye neno ya mwisho. Akisema ndiyo, tunafunga ndoa Jumapili. Akisema hapana, wanapanda treni ya Jumamosi na bibi yangu."

"Bado hajakuwa bibi yako."

"Mwavita!"

Kwa hiyo nilijua vizuri kilichokuwa mikononi mwangu. Siku ya kwanza niliwapeleka kwenye maporomoko. Mpaka leo sijui mtu anayekuja Kisangani akaondoka bila kuyaona, na mpaka leo yananipendeza: magogo yamesimikwa katikati ya maji yanayonguruma, vikapu vikubwa kama nyumba za kuku vimening'inizwa kwa kamba za miti, na wanaume wanaotembea juu yake kama wako ukumbini kwao. Bi Sakina alimpigia kelele mvuvi mmoja kumuuliza kama mkewe anajua alipo. Wengine walipiga makofi. Shangazi Tausi alisimama kwenye jiwe akiyatazama maji kwa muda. "Maji haya," alisema mwishoni, "tuliagana nayo juu kule kabla ya kupanda treni. Yamefika salama." Nilihisi kama mtu aliyemuuzia mgeni sabuni iliyotoka nyumbani kwa mgeni huyohuyo. Kisha akauliza, "Kutoka hapa, nyumbani kwenu ni upande gani?" Nikamjibu kwa furaha, "Usijali, Shangazi, niko mimi." Na kwa kuwa sikuzoea kurudi na njia ya kwenda, nikawarudisha kwa kuzunguka, mtaa huu tuone duka la baiskeli, mtaa ule tuone nguzo za umeme. Kwenye kila kona alisimama, akageuka akatazama nyuma, akaashiria kwa mwavuli: "Na sasa?" Nami: "Usijali, niko mimi."

Siku ya pili ilikuwa zamu ya mji wa Wazungu, huko ambako sasa ni Makiso. Tulikuwa na ruhusa ya kupita mchana, si ya kukaa. Tuliona posta, tuliona kanisa kuu kwa nje, tuliona maduka yenye vioo na ndani yake sahani zilizopangwa kama zinangoja wageni. Kulikuwa na viti vya mbao kando ya mto, chini ya michikichi, na hakuna aliyetukataza kwa mdomo kuvikalia, lakini wanawake saba wa Kasongo walivitazama, wakanitazama, wakaelewa. Bi Sakina alisema tu kwamba viti vile vinaonekana vimechoka kusimama peke yao. Niliwapeleka haraka kwenye lori la samaki lililokuwa likipakuliwa mlangoni mwa hoteli, kwa sababu nilijua humo kuna barafu. Nilibishana na mpakuaji mpaka akatupa bonge moja. Nisikize vizuri: katika siku zile zote, kitu pekee kilichowafanya wanawake wale wapige kelele kama wasichana ni bonge lile. Walilipokezana, walililamba, mmoja aliliweka kifuani akaruka. Bi Sakina alilifunga kwenye kanga yake kumpelekea bibi harusi. Tulitembea saa nzima, kwa njia nzuri niliyoichagua ili wapite mbele ya benki. Tulipofika, aliisukuma kanga chini ya pazia kwa fahari.  Kisha sauti ya Kibibi: "Mama Sakina, asante. Mmeniletea nguo mbichi." Akacheka, na kwa mara ya kwanza nikatamani kumwona uso. "Ilikuwaje kabla haijaondoka?" aliuliza. "Nieleze polepole."

Jioni ile nilikaa jikoni kwa Mama Mwajuma nikichambua mchele. Kati ya jiko na ukumbi kulikuwa na ukuta wa udongo ulioacha nafasi chini ya paa, na maneno yalipita pale juu kama moshi. Nilimsikia Shangazi Tausi.

"Jumamosi tunaondoka naye."

"Tausi! Mji mzuri hivi?" Huyo alikuwa Bi Sakina.

"Sijasema ni mbaya. Nimesema siujui. Siku mbili natembezwa kama mbuzi aliyefungwa macho. Toka mlango wa mume mpaka kivuko, unaweza kwenda?"

"Mimi hata choo cha hapa naulizia."

"Basi. Unamkumbuka dada yangu Mwamini? Alipopigwa huko alikoolewa, alituma habari, kaka akaenda kumchukua. Kaka alifika akiongozwa, njia ya kutoka hakuijua. Akauliza. Katika mji wa mume, utakayemuuliza njia ni ndugu wa mume. Walimwelekeza vizuri sana, akazunguka siku nzima, jioni akajikuta kwenye mlango uleule. Mwamini alikaa kule mpaka akazikwa kule. Mimi simwachi mtoto mahali ambapo siwezi kumtoa bila kuuliza mtu."

Nilibaki na ungo mapajani. Nilikuwa nimechambua mchele uleule mara mbili na bado ulikuwa na mawe. Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa anakoroga, Feruzi alikuwa anakula. Nilipowaeleza, mama aliacha mwiko usimame ndani ya sufuria.

"Hamkumwonyesha njia?" aliniuliza.

"Tumemwonyesha kila kitu!"

"Sikuuliza kila kitu. Ukoo ule ndivyo ulivyo, na mimi nimetoka hukohuko. Mama yangu aliponileta mimi hapa kwa baba yenu, alikwenda mtoni na kurudi mara tatu kabla hajanywa maji."

"Na haukutuambia?" Feruzi alisukuma sahani.

"Nyinyi ni watu wa mjini. Nilidhani mnajua yote."

Feruzi alitaka kuchora ramani. Alichukua hata karatasi, akachora mto, akaandika majina ya mitaa kwa mwandiko wake mzuri wa kazini. Nikamwambia shangazi hasomi. Akasema basi ataazima tena lori amwendeshe mpaka kivukoni mara kumi. Nikamwambia lori ndilo lililoanza matatizo. Akaiweka kalamu chini, akanitazama, na nikaona kwamba kaka yangu, anayefungua injini nzima na kuifunga bila kubakiza skrubu, alikuwa anaogopa. "Alors fanya kitu, Mwavita," alisema. "Weye unajua kuongea na watu." Ilikuwa mara yake ya kwanza kuusifu mdomo wa soko.

Nilimkuta Shangazi Tausi akinawa miguu uani. Nilisema nimesikia, na kwamba kosa ni langu. Hakushangaa, nadhani alijua kuta za udongo zilivyo.

"Nipe siku tatu nyingine," nilisema.

"Treni ni Jumamosi. Leo ni Alhamisi."

"Basi mpaka Jumamosi mchana."

"Kesho asubuhi."

"Kesho na Jumamosi asubuhi."

"Kesho, mpaka jua la alasiri," alisema, akikausha kidole kimoja kimoja. "Kwenda utasema. Kurudi nitatangulia mimi, na wewe utakaa hatua ishirini nyuma. Ukifungua mdomo, hata kwa kukohoa, tunafunga mizigo."

Nilikubali. Nilikuwa nimepata nusu siku zaidi ya alivyonipa mwanzo, na sokoni ningeona nimeshinda.

Kesho yake nilimchukua peke yake, nikampitisha njia fupi kuliko zote na mbaya kuliko zote, ambayo nilikuwa nimeikwepa siku mbili kwa aibu. Kutoka mlango wetu, moja kwa moja mpaka mtaro wenye ubao mmoja wa kuvukia na harufu yake. Kisha kwa mama anayekausha samaki kwa moshi, halafu baa ambayo saa mbili asubuhi ilikuwa tayari imeweka santuri. Njia panda ya fundi cherehani, hapo unakata. Ukuta wenye vipande vya chupa juu. Kiwanda cha mbao. Nyuma ya soko, wanapotupa matumbo. Mto. Nilijitayarisha kuomba radhi kwa kila kimoja. Lakini yeye, ambaye mbele ya kanisa kuu alikuwa amepiga mwayo, sasa alikuwa na macho kama ya mtoto. Aligonga ubao kwa mwavuli kusikia unavyolia. Alinusa. Alimuuliza mama wa samaki anatumia kuni gani, akabishana naye kuhusu kuni. Alisimama mbele ya kiwanda akatazama gogo zima likigeuka mbao, akasema, "Kumbe ndicho kinachopiga kelele usiku." Tulihesabu kona. Mimi nilipata saba, yeye nane. Tulirudi mpaka baa kuhesabu upya, zilikuwa nane. Ile moja nilikuwa naipita kila siku bila kujua kwamba ninakata. Tangu siku hiyo nimemtembeza mgeni mara nyingi, na sijawahi kumtembeza bila kugundua kwamba nilikuwa na kona ambayo sikuijua.

Kivukoni tulikula ndizi za kuchoma na karanga, tukakaa mpaka jua likageuka. Kisha akasimama, akafunga kanga kiunoni. "Hatua ishirini," alisema.

Soko, sawa. Kiwanda, sawa. Ukuta wa chupa, sawa; aliugusa kwa mwavuli kama anayesalimia. Mimi nyuma yake nilikuwa nimeuma kitambaa cha kichwa nisije nikasema kitu. Akafika kwenye njia panda ya fundi cherehani, akamtazama fundi, akakata. Alikuwa amekata upande usio wake. Asubuhi fundi alikuwa amekaa upande mmoja wa njia panda. Mchana, jua lilipomfikia, alivuka na cherehani yake akakaa upande wa pili, kama anavyofanya kila siku ya Mungu. Shangazi alikuwa amemfanya alama, na alama ilikuwa imevuka barabara. Akaenda mbele kwa hatua ndefu, mtaa ukaanza kuwa mpana, nyumba zikaanza kuwa na maua, na mbele akasimama polisi.

"Wee mama," polisi alisema, "iko natafuta nini huku? Kwenu kule, unarudi nyu…"

"Usiniambie!" Shangazi Tausi aliuangusha mwavuli, akaziba masikio kwa mikono yote miwili. "Sijakuuliza! Nyamaza!"

"Mama, mi naonyesha tu njia…"

"Usionyeshe! Teremsha mkono!"

Polisi aliteremsha mkono. Alinitazama mimi kwa mbali, akitafuta mtu mwenye akili timamu, nami nilikuwa nimesimama katikati ya barabara na kitambaa mdomoni. Akatupisha. Shangazi aliokota mwavuli, akageuka, akapita karibu yangu bila kunitazama, akarudi mpaka njia panda. Alisimama mbele ya fundi. Akaitazama cherehani. Akatazama upande wa pili, ambako chini kulikuwa na vipande vya nguo na matundu manne yaliyochimbwa na miguu ya mashine kwa miaka mingi.

"Fundi," alisema, "wewe umehama. Hilo si swali."

Fundi hakuinua macho. "Mama, jua ndilo limehama. Mimi ninalifuata tu."

Akakata upande wake. Baa, samaki, ubao wa mtaro ukalia chini ya mguu wake, na mlango wetu. Aliuweka mkono juu ya mbao, akaubakiza hapo. Feruzi alikuwa amesimama ndani, hakwenda kazini, na alipomwona alipumua mpaka kola ikalegea. Mama alishika mdomo tayari kwa kigelegele. "Bado," alisema Shangazi, akapita nyumba ya pili, akaingia ya tatu. Tulisikia pazia likivutwa. Akatoka amemshika mtu mkono, amefunikwa kanga mbili kutoka kichwani, jicho moja tu linaonekana.

"Mwali hatoki!" mama alisema, na majirani walikuwa wameanza kutoka.

"Njia nimeijua mimi," alijibu Shangazi Tausi. "Lakini mimi nitakuwa Kasongo. Atakayehitaji kuondoka siku moja si mimi."

 Feruzi alikaa kizingitini akiinamia mikono yake, na hakumtazama bibi harusi wake alivyopita, labda kwa heshima, labda hakuweza. Tulikwenda watatu, Shangazi akiwa amemtajia alama za njia kwa haraka. Kibibi alitangulia, na jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba hakusitasita. Siku tatu nyuma ya pazia alikuwa ameuliza kila kelele na kila harufu. "Huu ni ubao," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa ni moshi wa samaki. Ile ndiyo mashine inayolia." Alitembea kama anayekagua kitu alichokwisha kukiagiza. Kwenye njia panda Shangazi hakumwambia lolote juu ya fundi. Kibibi hakumtazama fundi kabisa, alitazama ukuta wa chupa uliokuwa unaonekana mbele, akakata sawasawa.

Kivuko kilikuwa kinapakia. Watu walikuwa wakishuka mteremko na mizigo, na ng'ambo moshi wa treni ya kesho ulikuwa umesimama wima. Shangazi Tausi akauachia mkono wa Kibibi.

"Kivuko kile pale. Mlango umeuona kule ulikotoka. Nguo zako zimefungwa, Sakina anazileta sasa hivi nikituma mtu. Hakuna atakayekulaumu, mimi ndiye mwenye neno, nitasema ni mimi niliyekataa."

Kibibi aliteremsha kanga usoni. Ndipo nilipomwona: alikuwa na miaka yangu, kope nzito, na mafuta ya wanawake yaling'aa mashavuni. Alitazama maji kwa muda mrefu. Mlinzi wa kivuko alipiga kengele mara moja, akatutazama kama tunapanda, akapiga tena. Nilifikiria Feruzi kizingitini. Nilikuwa na maneno mengi, na hakuna hata moja nililoruhusiwa.

Kamba ikafunguliwa. Kivuko kikaondoka.

Kibibi akageuka, akapanda mteremko, sisi nyuma yake. Nyuma ya soko akasimama. Kulia ilikuwa njia tuliyojia. Kushoto kulikuwa na kichochoro chembamba kati ya uzio wa mianzi, ambacho katika siku zote tatu sikuwa nimempitisha mtu.

"Na hii," aliuliza, "inakwenda wapi?"

Nilimtazama Shangazi Tausi, hatua ishirini zikiwa bado zimenikaa kooni. Aliuegemeza mwavuli begani, akafikiri.

"Mjibu wifi yako," alisema. "Yeye sasa ni mwenyeji. Anaweza kuuliza."

Nikamwambia inazunguka kwa wafinyanzi, ni ndefu, ina matope, na mwisho wake inatokea nyumbani vilevile. Kibibi alikunja kanga mpaka kwenye vifundo vya miguu, akaingia.